Kutwika na Kutua

Watu wakisikia niliumia mgongo sokoni, swali la kwanza ni gunia lilikuwa la kilo ngapi. Huwa naona aibu kidogo kuwajibu, maana halikuwa gunia. Ilikuwa ndoo ya mafuta ya kula, ile ya lita 20, ambayo mama ntilie anaibeba kwa mkono mmoja huku anaongea na simu.

Nilikuwa na miaka minane ya ukuli katika soko moja la jumla Dar es Salaam. Nilishabeba viazi vya Njombe, vitunguu vya Singida, mahindi, mchele, saruji, na siku moja friji hadi ghorofa ya tatu kwa ngazi. Alfajiri ile ya mwaka 2017 tulikuwa tumelala juu ya magunia tukisubiri fuso iliyochelewa. Ilipopiga honi saa kumi na moja tukaruka kama tulivyo, macho hayajafunguka vizuri, tukaanza kushusha. Magunia 80, watu sita. Tulipomaliza jua lilishachomoza, na mimi nimekaa kwenye kiroba nikinywa chai, tajiri akaniita: "Mnyamwezi, nitolee ndoo moja hapo nyuma."

Ndoo ilikuwa nyuma ya ndoo nyingine tatu. Sikuziondoa za mbele. Nilinyoosha mikono kwa juu yake, nikakamata mpini, nikaivuta huku nikijipinda kuelekea mlangoni, ambako mteja alisimama na hela mkononi. Kiunoni pakalia kitu, kama kamba ya katani inapokatika. Maumivu hayakuja palepale. Kwanza ulikuja mshangao, halafu mguu wa kushoto ukapigwa shoti kutoka kalioni hadi kidole gumba, ndoo ikadondoka na mimi nikaifuata chini. Mafuta hayakumwagika. Nakumbuka hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza tajiri aliloulizia.

Niseme kidogo juu ya jina. Mimi ni Mnyamwezi kweli, mzaliwa wa Urambo, na pale sokoni jina langu la cheti hakuna aliyelijua. Siku hizi vijana wakisema Mnyamwezi wanamaanisha Mmarekani, lakini kwa matajiri wa soko ile methali haijafa: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Nami niliipenda. Gunia likiwashinda wengine naitwa mimi, naenda natembea kwa madaha, nafunga ngata yangu vizuri, watu wanatazama. Nilipokuwa nimelala naugulia ndipo nilipopata muda wa kusoma habari za wapagazi wa misafara, hao mababu walioizaa hiyo methali. Mzigo wa mpagazi wa karne ya 19, wa kutoka Unyanyembe, huko Tabora, hadi Bagamoyo, ulikuwa kama frasila mbili. Frasila ni pauni 35, yaani kilo 16. Kwa hiyo ni kilo 32 hivi, ukiacha mkeka wake na chakula chake cha njiani. Mjukuu wake mimi niliwahi kuliweka gunia moja la viazi kwenye mzani, kwa ubishi tu wa vijana, likasoma kilo 138. Mzigo mzito wa methali haukufika hata robo ya huo wangu.

Hilo gunia la kilo 138 ndilo lumbesa. Kwa asiyeijua: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha juu yake wanashonea kofia ya wavu au ya gunia jingine na kuijaza nayo, likasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, gunia la mazao lisizidi kilo 100, na kila msimu wakubwa wanalikemea jambo hili redioni. Lakini hata hiyo kilo 100 iliwekwa ili mkulima asipunjwe. Mgongo wa kuli haukuwa kwenye hesabu. Shirika la Kazi Duniani lilipokaa mwaka 1967 kuufikiria mgongo lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Wenzetu wa Kenya, kwa kanuni zao za viazi za 2019, wameshuka hadi mfuko wa kilo 50.

Turudi kwangu. Tajiri alinipa elfu thelathini ya dawa na nauli ya bajaji, na kwa kweli alidhani amefanya wema. Nchi ina mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ulishaanza kazi tangu 2015, ila mimi nililipwa kwa gunia na jina langu halikuwa kwenye karatasi yoyote. Ajali yangu haikuripotiwa popote.

Nilifanya makosa mawili nyumbani. La kwanza, nilimkubalia mzee mmoja wa mtaani anikande, naye mbinu yake ni kumpandisha mjukuu wake juu ya mgongo wa mgonjwa atembee. Sitaeleza zaidi. La pili, shemeji zangu walisema mgongo dawa yake ni kulala sakafuni usiamke, nami nikalala siku kumi na mbili. Nilipojaribu kusimama paja la kushoto lilikuwa limepungua, suruali inapwaya upande mmoja.

Hospitalini daktari aliniuliza maswali mawili ambayo niliyaona ya ajabu: mkojo unautawala? Na je, una ganzi pale unapokalia tandiko la baiskeli? Nilipojibu kwamba mkojo naumudu na ganzi ya hapo sina, akashusha pumzi. Alisema ningejibu vinginevyo angenipeleka chumba cha upasuaji siku hiyohiyo, maana neva za chini zikibanwa namna hiyo kila saa ni mali. Nimelibeba hilo swali tangu siku ile, na nimeshamuuliza kijana mmoja wa stoo kwangu. Kwangu diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, ya kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno ilikuwa imechomoza na kugusa neva ya mguu. Daktari akaniambia wengi wa aina yangu hupona bila kisu ndani ya wiki au miezi, niache kulala, nitembee, kisha akaniandikia niende fiziotherapia.

Huko nilimkuta dada mmoja mdogo kuliko kitinda mimba wetu. Nikajisemea moyoni, huyu atanifundisha nini mimi kuhusu mizigo. Akajaza maji dumu la lita tano, akanipa.

"Kaka, lishike liguse kitovu."

Nikalishika. Lita tano ni kitu gani.

"Sasa nyoosha mikono mbele."

Nikanyoosha. Dakika haijaisha mikono inatetemeka, na kiuno kimeanza kulia palepale pa siku zote.

"Dumu limeongezeka uzito?"

"Hapana, dada."

"Basi kilichoongezeka ni nini?"

Nikanyamaza. Akanichorea bembea ya watoto, ile ya ubao na kigingi katikati. Kigingi ni uti wa mgongo. Nyuma ya kigingi, sentimita kama 5 tu, ndipo misuli ya mgongo inapovuta. Mbele kuna mzigo. Ukiushika mzigo nusu mita mbele ya kigingi, misuli inapaswa kuvuta mara kumi ya uzito wake ili ubao usianguke, na mvuto wote huo unaibana diski iliyo katikati. Nikaipigia hesabu ndoo yangu. Mafuta na plastiki, kilo 19 hivi. Mikono imenyooshwa juu ya ndoo tatu. Karibu kilo 190 za mvuto, na bado hujahesabu kiwiliwili changu chenyewe kilichoinama. Gunia lililokaa sawasawa mabegani lipo juu ya kigingi. Linakuelemea, lakini halizidishwi kwa kumi.

"Na ulijipinda," akasema. Hakuuliza. Ukuta wa diski, alivyonieleza, umesukwa kwa nyuzi zinazopishana kama mkeka, tabaka moja linaelekea huku na jingine kule. Ukijipinda, nusu ya nyuzi zinakaza na nusu zinalegea, kwa hiyo mzigo uliopaswa kubebwa na wote unabebwa na nusu yao. Na ile habari ya kuruka kutoka usingizini? Diski hunywa maji usiku. Asubuhi mtu ni mrefu kwa sentimita moja au zaidi kuliko jioni, na diski zimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Ukiinama na mzigo kabla hujatembeatembea, unaziinamisha zikiwa zimejaa pomoni. Kwa miaka minane nilikuwa naamka juu ya magunia na kuyabeba kabla sijapiga mswaki.

Miezi minne ilipita kabla sijaacha kuchechemea. Katika miezi hiyo ndipo nilipoanza kuwatazama makuli wenzangu kwa jicho jingine. Nilikuwa nakwenda sokoni kukaa tu, nisiote mizizi nyumbani. Na nilichokiona ni hiki: njiani hakuna anayeumia. Kuli mwenye gunia mabegani anatembea wima, haraka, anapiga kelele "pisha mzigo!" na hana shida isipokuwa ubao wa fuso uwe umelowa. Wanaumia kwenye kutwika na kwenye kutua. Gunia liko chini, watu wawili wanaliinamia kumtwika wa tatu, kila mmoja amenyoosha mikono, mmoja anavuta kabla ya mwenzake. Au kuli amefika, amechoka, anatua gunia sakafuni kwa kulipindisha kiuno litue pembeni. Hapo ndipo nyuso zinapokunjamana.

Nikamkumbuka mama, kisimani, Urambo. Akina mama hawakuinua ndoo ya maji kutoka chini hadi kichwani hata siku moja. Ndoo ilipandishwa kwanza juu ya jiwe, jiwe la kimo cha kiuno lililokuwa limelainika kwa miaka ya ndoo, halafu ndipo watwishane. Anayekuja peke yake anapiga goti mbele ya jiwe na kujitwika kutoka hapo. Hilo jiwe nililikalia utotoni nikila maembe bila kujua ni kifaa cha kazi.

Tajiri mwingine, huyu wa sukari, unga na mafuta, alinichukua mwaka 2018 nimtunzie stoo. Kazi ya daftari. Hapo nikapata nafasi ya kuweka jiwe la mama ndani ya stoo, ila haikuanza hivyo. Ilianza kwa kushindwa.

Kwanza nilihubiri. Pinda magoti, nyoosha mgongo, kila mtu amesikia wimbo huo. Vijana wakanisikiliza kwa heshima, "sawa, kaka mkubwa," kisha mmoja akajaribu mbele yangu kwa gunia la sukari la kilo 50. Akachuchumaa vizuri kabisa. Gunia ni pana, halipiti katikati ya magoti, kwa hiyo magoti yenyewe yakalisukuma mbele zaidi. Alilikumbatia kwa mbali kuliko angeinama tu kama alivyozoea. Nikaona bembea ya yule dada ikichorwa upya mbele ya macho yangu na mahubiri yangu yakiwa upande mbaya wa ubao. Magoti yanafaa kwa katoni ndogo inayopita katikati ya miguu. Kwa gunia, sidhani kama aliyeandika yale mabango ya "pinda magoti" aliwahi kubeba hata moja.

Pili, tajiri alinunua mikanda. Alikuwa ameiona kwenye duka kubwa moja, mikanda myeusi ya kubana kiuno, akanunua sita kwa moyo safi. Vijana walipendeza, na gunia wakaanza kubeba mawilimawili, maana sasa wana mkanda. Nikatafuta habari zake. Taasisi ya usalama wa kazi ya Marekani, NIOSH, ilishasema tangu 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa mikanda hiyo inamkinga mtu ambaye hajaumia asiumie. Nikaikusanya taratibu. Mmoja sasa unafunga mlango wa choo.

Taasisi hiyohiyo ina kanuni ya kukokotoa uzito unaofaa kunyanyuliwa kwa mikono, iliyorekebishwa 1991, na ndani yake kuna somo ambalo bango la magoti halina. Kanuni inaanzia kilo 23. Hizo 23 ni pale kila kitu kikiwa kizuri: mzigo umegusana na mwili, uko kimo cha kiunoni, una mpini, hujipindi, hunyanyui mara kwa mara. Kisha kila kinachoharibika kinapunguza. Uko chini sakafuni, punguza. Uko mbali, punguza. Unajipinda, punguza. Sikuchukua kalamu nikokotoe kila gunia, maana 50 imeshazidi 23 kabla hujaanza. Nilichoelewa ni kwamba mgongo wa kijana siwezi kuubadilisha, ila ninaweza kubadilisha gunia linaanzia wapi na linaishia wapi.

Basi tukajenga meza. Mbao za mninga zilizobaki kwenye kenchi, kimo cha kiuno cha kijana mfupi kuliko wote, pana kiasi cha magunia mawili, na miguu minene. Meza inakaa kwenye mlango wa nyuma wa fuso. Gunia linavutwa kutoka kwenye bodi linateleza hadi mezani, haliinuliwi. Kuli anaipa meza mgongo, anarudi nyuma, wenzake wanalisukuma linamkalia mabegani. Hakuna aliyeinama. Ndani ya stoo nikaweka palleti, na rundo la kwanza la sukari likaanzia juu ya palleti tatu zilizopandana badala ya sakafuni. Vizito vinakaa kati ya goti na kifua. Chini kabisa na juu ya mabega tunaweka vyepesi, tambi, majani ya chai, sabuni za unga. Ndoo za mafuta zimepangwa mstari mmoja tu, hakuna ya nyuma. Tajiri alilalamika kwamba nafasi inapotea, na ni kweli inapotea.

Toroli lilikuwepo siku zote, kona ya stoo, tairi moja halina upepo. Pampu ya elfu kumi na tano.

Kitu kilichonishinda kwa muda mrefu ni ujira. Ukilipwa kwa gunia unakimbia, na mtu anayekimbia hasubiri mwenzake ahesabu moja, mbili, tatu. Nilikuwa hivyohivyo. Tajiri alikubali kuwalipa wanne wetu kwa siku, baada ya mimi kumwonyesha daftari: magunia ya unga yaliyopasuka kwa kutupwa mwezi mmoja, na bei yake. Habari za migongo alizisikiliza kwa upole, ila macho yalimtoka kwenye unga. Sijali, mradi alikubali. Lakini vibarua wa kushusha fuso za viazi, wanaokuja na kuondoka, bado ni kwa gunia.

Na mimi mwenyewe? Mwaka wangu wa pili wa daftari kiuno kilirudi kuuma, na sikuwa nimebeba hata kiroba. Nilikuwa nakalia kreti la soda saa tisa kwa siku, magoti juu ya kitovu, nimeinamia meza ya chini kama mwanafunzi wa madrasa. Mtaalamu mkubwa wa migongo. Nilinunua kiti cha mtumba chenye mgongo, nikapandisha meza kwa matofali mawili kila mguu, na kila saa natoka kwenda kumsumbua mtu.

Wiki iliyopita imeingia fuso ya viazi kutoka Njombe, lumbesa tupu, vilemba juu kwa juu. Vibarua walikuwa wanne na mmoja wao mgeni, kijana wa miaka kama ishirini, shingo nene, anajiamini. Akaenda moja kwa moja kwenye gunia lililoanguka chini ubavuni mwa gari, akaliinamia. Nikafungua mdomo, lakini kibarua mmoja mtu mzima akaniwahi.

"Mdogo wangu, hilo achana nalo. Lete kisu."

Wakalikata wavu wa kilemba palepale chini, wakajaza viroba viwili kwa viazi vya juu, gunia likabaki la kiasi, wakalipandisha mezani watu wawili bila kuguna. Wakafanya hivyo kwa magunia yote yaliyowashinda. Dereva akakasirika kwa kucheleweshwa. Na ulipofika wakati wa malipo wakahesabu: kila lumbesa waliyoikata ni mizigo miwili.

Tajiri akaja mbio. "Gunia ni gunia!"

"Sawa, bosi," akasema yule mtu mzima. "Shikamoo. Sasa tuonyeshe ni lipi."

Akawatazama, akatazama viroba, akanitazama mimi kama vile mimi ndiye niliyewafundisha kuhesabu. Amewalipa nusu na kusema iliyobaki tutaizungumza. Mpaka naandika hapa bado tunaizungumza.